Dundu na Kipepeo Juu ya Meza Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mpwa wangu amenipa daftari hili niandike mvua. Kila asubuhi nitazame kopo lililofungwa kwenye nguzo ya banda, niandike maji yamefika wapi, basi. Nikamwambia, mwanangu, mkono kama huu wangu huwezi kuutumia kuandikia maji tu. Shule niliiacha darasa la sita, lakini si kwa ujinga. Mwalimu wa hesabu mwenyewe ndiye aliyeomba nipumzike, maana maswali yangu yalikuwa yanamkosesha usingizi. Kwa hiyo mvua nitaiandika, na mengine nitayaandika pia.

Mvua: hakuna. Mawingu yametanda tangu juzi, yanatukodolea macho tu.

Kwa kuwa naona daftari hili litakuja kusomwa na watu, nieleze. Banda letu liko nyuma ya nyumba, limezungushiwa wavu mwembamba juu na kando, na ndani mna milimau na vichaka alivyopanda mpwa wangu mwenyewe. Humo analea vipepeo wa msituni. Kipepeo anataga yai juu ya jani, yai linatoa kiwavi, kiwavi anakula hadi anachoka na maisha, kisha anajifunga kwenye kifuko, na humo kwenye kifuko ndimo anamogeuka kipepeo. Sasa hivyo vifuko ndivyo vinavyotafutwa. Kuna bustani kubwa mjini, imeezekwa vioo, watu wanaingia kuwatazama vipepeo wakiwarukia vichwani. Mtu wa bustani amemwambia mpwa wangu: niletee vifuko vya msimu huu vikiwa hai, nami nakuandika kuwa mfugaji wetu wa huku, moja kwa moja.

Msimu uliopita ukungu uliwaua viwavi. Wa kabla ya huo, ndege walitoboa wavu.

"Huu ndio wa mwisho, mjomba," aliniambia jana huku anashona wavu, hata uso hakuinua. "Ukishindikana nakwenda kwa shangazi, nikauze kwenye duka lake la dawa. Nimechoka kuzika viwavi."

Nikajifanya sikusikia. Tangu dada yangu, mama yake, atangulie mbele ya haki, nyumba hii ina watu wawili, mimi na yeye. Akiondoka nitabaki kusalimiana na kuta.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua: hakuna. Nimefagia banda.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimebishana na jirani mshonaji, yule ambaye cherehani yake inakaa barazani, tunatazamana mlango kwa mlango. Jina lake la kuniita ni Mzee Chumvi, eti kila neno langu nalikoleza.

"Mzee Chumvi, mwanamume mzima unalea vipepeo?"

"Nasaidia tu," nikasema. "Mimi ningekuwa na banda langu ningelea dundu."

"Yule mdudu mweusi anayegonga taa?"

"Ndiye huyohuyo. Dundu ni mwanamume, mama. Amezaliwa na koti la chuma. Hataki wavu, hataki kubembelezwa. Nilipokuwa mpasua mbao nilimkuta mmoja ukubwa wa kobe anasukuma gogo lililotushinda wanaume wanne. Tukakaa pembeni, tukamwachia kazi, sisi tukanywa chai."

"Mkamlipa?"

"Alikataa. Alitaka heshima tu."

Alicheka hadi uzi ukakatika. "Na kipepeo je?"

"Kipepeo ni bibi harusi ambaye bwana hakutokea. Kajipamba, hana pa kwenda."

Mpwa wangu alikuwa chini ya mlimau anageuza majani kutafuta mayai. Akasema kupitia kwenye wavu, bila kucheka:

"Wote wawili wanaanza wakiwa funza, mjomba. Wote wana mbawa nne na miguu sita. Ila dundu anakula mti uliokufa, kipepeo anakula jani lililo hai. Ndiyo maana yule anajilea, na huyu anakutoa roho."

Mshonaji akanitazama kwa jicho la "umepata". Mtu akishasoma, mwache aseme.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imefika. Kopo robo. Nilisema.

Jumanne, 18 Machi

Kopo nusu.

Tumetega vipepeo msituni ili tupate wa kutaga. Mtego wenyewe ni mfuko wa wavu, chini yake sahani ya ndizi zilizooza zikachachuka. Mimi ndiye mtengenezaji wa chambo, na fundi hapeleki kazi bila kuionja. Nilionja. Chambo kilikuwa kizuri kiasi kwamba mpwa wangu alinikuta nimelala chini ya mtego na kipepeo amekaa kwenye sharubu zangu. Hilo la sharubu si chumvi, muulizeni mwenyewe.

Tulirudi na majike ya buluu yenye mikia. Njiani aliwabeba kama mtu aliyebeba mayai juu ya barafu. Nilimwona amekonda. Mkanda wa suruali yake umetobolewa tundu jipya, na kwa msumari.

Jumatano, 26 Machi

Kopo limejaa, nimelimwaga mara mbili.

Mtu wa bustani amekuja kukagua. Ni mwembamba, viatu vyeupe, anakanyaga matope kama anayekanyaga wagonjwa. Alitazama viwavi kwa kioo cha kukuzia, akauliza maswali, mpwa wangu akajibu yote kwa sauti ndogo. Hakuna aliyeniuliza mimi chochote. Nilisimama na ufagio wangu kama mlingoti usio na bendera.

Basi nikasema: "Na madundu je, bwana? Huko kwenye vioo vyenu hamtaki dundu?"

"Wa aina gani?"

"Mwenye pembe. Ukubwa huu." Nikaonyesha ngumi, kisha nikaongeza na kifundo cha mkono.

Akatabasamu. "Ukimpata wa nusu ya hapo nitamtazama, mzee."

Alipoondoka mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, huyu mtu amekuja kwa jambo moja. Tusimpe mawili."

"Mawili ni bora kuliko moja," nikasema. "Hiyo ni hesabu."

Akarudi kwenye viwavi wake. Kutojibu kwake ndiko kunakoniumiza. Mama yake angenirushia mwiko.

Jumatano, 2 Aprili

Nimempata. Sikumpata yeye tu, nimempata pamoja na nyumba yake.

Nilikwenda peke yangu hadi kule tulikokuwa tunapasua mbao, kwenye mti ulioanguka zamani. Niliugonga kwa mgongo wa panga na kusikiliza, maana mti uliooza unaongea kwa anayejua. Penye tundu la unga wa mbao nikakata kipande kama urefu wa mkono. Ndani, ukitazama kwa tochi, kuna chumba, na ndani ya chumba kuna dundu aliyekwisha kugeuka, anangoja siku yake. Niliona pembe. Kutoka funza hadi kuwa vile hukaa gizani muda mrefu, pengine miaka, anatafuna mti mkavu, hakuna anayemshangilia. Kipepeo kwa wiki chache tu ameshatoka anapigiwa makofi.

Nilibeba gogo kilometa zote zile begani kwenye mvua. Kweli kabisa, na sijaongeza hata moja.

Alhamisi, 3 Aprili

Mpwa wangu alilitazama gogo, akalizunguka.

"Unajua sheria, mjomba. Chochote cha msituni kinakaa mbali, kinapigwa jua, kinafukizwa moshi siku kadhaa. Mti uliooza ni nyumba ya kila mtu."

"Niachie mimi. Nitalifukiza hata shetani atakohoa."

Jua lenyewe liko wapi? Nililiweka chini ya upenu upande wa jikoni, nikachoma majani mabichi. Yalifuka kidogo, mvua ikazima. Kesho nitaendelea.

Jumamosi, 5 Aprili

Ameniuliza kama nimelifukiza. Nimesema tayari, siku mbili, na mende wote wa jikoni wamehama. Alicheka kidogo. Ni cheko la kwanza mwezi huu, sikuweza kulirudisha.

Jumanne, 8 Aprili

Kopo limejaa.

Hili sikutaka kuliandika. Leo nimekaa juu ya ndoo bandani kutazama kiwavi akijifunga. Alijitundika kwenye kijiti, akajifunga uzi mmoja kiunoni kama mkwezi wa minazi, akatulia. Kisha ngozi yake ikapasuka mgongoni na akaivua hadi chini, na aliyebaki hakuwa kiwavi wala kipepeo. Alikuwa kitu laini, kibichi, kisicho na uso wala mguu. Ukikigusa kinajinyonganyonga tu. Kidole cha mtoto kingekimaliza.

Nikafikiria dundu wangu kwenye gogo lake. Ukuta nje, ukuta ndani, na yeye mwenyewe ukuta. Nilikuwa naona hiyo ni sifa. Leo nilijiuliza huyu mwingine anapata wapi moyo wa kulala uchi namna ile.

Mpwa wangu alinikuta. "Umeona?"

"Nimeona mdudu," nikasema.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Mshonaji ana homa, baraza yake kimya.

Jumanne, 15 Aprili

Vifuko vyote sasa vimehamishiwa kwenye meza ya katikati ya banda, penye kipande cha bati juu ya wavu ili mvua isivipate. Mpwa wangu amefunga nyuzi kutoka ncha hadi ncha ya fremu juu ya meza, na vifuko vinaning'inia safu kwa safu, vya kijani na vya kahawia, kama nguo za watoto wachanga.

Kazi yangu ni miguu ya meza. Kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye maji na oili chafu juu yake, ili sisimizi wasipande. Sisimizi ndiye adui wa kifuko. Anatoboa tundu dogo, anaita ukoo wake. Asubuhi na jioni naongeza maji, naongeza oili, nahakikisha hakuna jani linalogusa meza likawa daraja. Hapa sina mzaha. Katika miguu ile minne hajapita sisimizi hata mmoja msimu huu mzima.

Jumamosi, 19 Aprili

Mtu wa bustani atakuja Ijumaa kuchukua. Vifuko viko hai, mpwa wangu amevigusa kwa unyoya kimoja kimoja.

Jioni alikuja kukaa nami jikoni, jambo ambalo alikuwa ameliacha. Alinyoosha miguu kwenye moto.

"Mjomba, safari hii naona tumefika."

"Kwani ulikuwa na wasiwasi?"

"Nilishampigia shangazi kumwambia aniwekee kitanda." Akasugua macho. "Kesho nitampigia asiniwekee. Na chumba changu nitakipaka rangi. Kinanuka ukungu."

"Rangi gani?"

"Sijui. Nyeupe."

Nilitaka kumwambia nilipaka rangi ikulu fulani wakati fulani. Sikusema. Nilikaa tu nikamtazama anavyosinzia, kichwa kinaanguka na kurudi, kama mama yake kabisa.

Jumatatu, 21 Aprili

Amekwenda mjini kununua maboksi na pamba ya kufungia. Atarudi kesho asubuhi kwa gari la kwanza. Ameniachia banda. "Usiguse kitu, mjomba. Miguu ya meza tu."

Mvua ya leo haina jina. Tangu mchana ni mto unaosimama wima. Maji yameingia chini ya upenu, yakafika kwenye gogo, yakaanza kulinyanyua. Dundu wangu angezama chumbani mwake baada ya kungoja muda wote ule. Jikoni kumejaa maji. Chumbani kwangu paa linavuja juu ya kitanda. Mahali pakavu palipoinuka ni pamoja tu, meza ya bandani.

Nimeliweka mezani, pembeni kabisa, chini ya fremu, juu ya gunia. Nimeongeza oili kwenye makopo yote manne. Hakuna mdudu atakayepanda meza ile. Dundu na kipepeo wamelala mahali salama kuliko pote katika nyumba hii.

Jumanne, 22 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda bandani alfajiri, mvua imekatika. Kwanza niliona nyuzi zinatikisika, nikadhani vipepeo wameanza kutoka mapema, nikafurahi. Nikasogea. Nyuzi zilikuwa nyeusi. Zilikuwa zinatembea.

Sisimizi. Walitoka kwenye gogo. Ukoo mzima, na watoto wao weupe mdomoni, walikuwa wamejificha ndani kabisa ambako moshi wangu haukufika, maana moshi wangu haukufika popote. Maji yaliwafukuza kutoka kwenye vyumba vya chini, wakatafuta pa kwenda, na pa kwenda palikuwa juu ya meza. Walikuwa wameshuka kila mguu hadi kwenye oili, wakakuta hakuna njia, wakarudi juu. Kwenye makopo yote manne ilikuwa duara nyeusi ya waliojaribu. Ngome niliyokuwa naijaza maji asubuhi na jioni wasiingie, ndiyo iliyowafungia ndani. Na mle walimofungiwa kulikuwa na chakula kilichoning'inizwa safu kwa safu, kisicho na mguu wala mdomo wa kulilia.

Nilichukua unyoya, nikaanza kupangusa. Halafu nikatupa unyoya nikatumia mikono. Waliniuma hadi kwapani, sikusikia. Kila kifuko nilichoshika kilikuwa chepesi. Tundu moja dogo, na ndani hamna kitu, ganda tu. Baadhi walikuwa bado wanajinyonganyonga huku wanaliwa. Niliwahi kuwaona watu wakiangukiwa na mti msituni, na hili la leo ndilo litakalonirudia.

Nilichukua panga nikalipasua gogo mara moja. Lilifunguka kama mkate. Na katikati, ndani ya chumba chake, dundu alikuwa amekaa. Mzima. Sisimizi wanateleza juu ya mgongo wake kama mvua juu ya bati. Alinyanyua pembe, akatoa mguu, akaanza kutembea juu ya meza, pole pole, anakanyaga maganda ya vipepeo na yanalia chini yake kama makaratasi.

Msimu mzima nimebishana kwamba dundu ni bora. Basi nimeshinda.

Mpwa wangu aliingia nikiwa hapohapo. Maboksi kichwani, pamba kwapani. Alikuwa anaimba kidogo, nikasikia wimbo unakatika. Aliyaweka maboksi chini kwenye matope, taratibu, moja juu ya lingine. Alitazama nyuzi. Alitazama gogo.

"Nani ameweka gogo mezani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa linazama."

"Mjomba, uliniambia umelifukiza siku mbili."

Nikaanza kupangusa sisimizi mkononi.

"Uliniambia mende wamehama."

Alipita kwenye kila safu akikigusa kila kifuko kwa ncha ya kidole, hata vile vilivyoonekana wazi kwamba ni maganda. Hakuruka hata kimoja. Nilikuwa nangoja anipige. Nilisimama karibu ili asisumbuke kunifikia. Alipomaliza safu ya mwisho alisema, "Nimechoka, mjomba," kama mtu aliyetoka shamba, akaingia ndani.

Dundu alikuwa amefika ukingoni mwa meza. Nilimfunika kwa ndoo.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua sikuitazama.

Alhamisi, 24 Aprili

Amepika, tumekula, akaosha vyombo. Mshonaji amepona, aliniita kutoka barazani: "Mzee Chumvi, nasikia umevamiwa na jeshi." Nikaingia ndani nikafunga mlango. Baadaye alileta mkaa mkavu kwenye ungo, akauweka kizingitini, akaondoka bila kubisha.

Ijumaa, 25 Aprili

Mtu wa bustani alikuja. Mpwa wangu alimpeleka bandani, akamwonyesha maganda, akamweleza yote kwa sauti ileile ndogo, ila jambo moja alilibadilisha. Alisema, "Niliruhusu gogo liingie." Niliruhusu. Mimi nilikuwa nyuma yao na nikalisikia neno hilo likiingia kama msumari kwenye ubao mbichi. Nikafungua mdomo kusema hapana, ni mimi, akanitazama, nikafunga.

"Pole sana," akasema mtu wa bustani. "Nitalazimika kutafuta mahali pengine." Kisha akasimama. Ndoo ilikuwa inagongwa kutoka ndani. "Nini hicho?"

Akaifunua mwenyewe.

Nilimwona mtu yule akichuchumaa matopeni kwa viatu vyake vyeupe, na uso wake ukawa wa mtoto. "Mzee, hukusema uongo. Mkubwa hivi sijapata kumwona. Huyu namchukua."

Nikamtazama mpwa wangu.

"Mchukue," akasema yeye.

Alimweka kwenye boksi moja katika yale aliyonunua, juu ya pamba ileile. Akatoa pochi, nikamwambia airudishe. Boksi liliondoka linakwaruzwa kutoka ndani. Kwa hiyo dundu wangu anakaa chini ya vioo, watu wanapanga foleni kumtazama. Nilichotaka nimepata, mpaka pembe zake.

Jumanne, 29 Aprili

Ameondoka leo kwa shangazi yake. Mfuko mmoja na mwavuli.

Kabla ya kwenda alinipeleka kwenye mlimau wa kona, ule ulio mbali na meza. Kulikuwa na viwavi wachache waliochelewa, wadogo, watoto wa wale vipepeo wa buluu. Msituni upande wetu hakuna wengine wa kutega. Watu wameanza kufyeka huko hadi kwenye kijito.

"Siahidi kitu," alisema. "Lakini wakitoka, hata jozi moja, dume na jike, tunaweza kuanza tena wenyewe, bila bustani yoyote. Nipigie. Siku hiyohiyo narudi."

"Watatoka."

"Mjomba." Alinishika mkono, mahali sisimizi walipouma, bado pana vidonda. "Usiniambie watatoka. Niambie wakishatoka."

Gari lilipoondoka sikupunga. Nilishika nguzo ya kituo kama vile ndiyo itakayoanguka.

Ijumaa, 2 Mei

Kopo robo. Viwavi wanakula. Nawaletea majani yaliyokauka umande, moja moja, nayapangusa kwa shati.

Jumanne, 6 Mei

Mvua ndogo. Kila asubuhi nawafukuzia ndege. Sikai tena na mshonaji. Jana aliniuliza, "Hutuambii hata kidogo?" Nikamwambia sina.

Anadhani naumwa.

Jumamosi, 10 Mei

Wamebaki wawili. Wengine wamekuwa weusi, wamelainika, wananing'inia kichwa chini kama tambara lililolowa. Ni unyevu, alinifundisha. Nimewakata pamoja na tawi nikawachoma mbali, wasiambukize. Hawa wawili wamejifunga vifuko. Sijaweka meza, sijaweka makopo. Nakaa mwenyewe juu ya ndoo. Sisimizi akija atanikuta mimi kwanza.

Nikiwatazama nakumbuka nilivyosema kipepeo ni bibi harusi. Mtu anayejua kusema hivyo hajawahi kulinda kitu kisichoweza kujilinda. Dundu ni rahisi kumpenda. Hata ukimtelekeza anakutokea mzima, hakuumbui.

Jumatano, 14 Mei

Kimoja kimekuwa cheusi.

Jumamosi, 17 Mei

Ametoka asubuhi. Jike. Alipasua kifuko, akajivuta nje na mbawa zimekunjamana kama karatasi mfukoni. Hiyo ni kawaida. Anatakiwa aning'inie, azijaze maji ya mwilini, zinyooke, zikauke. Alijaribu kupanda kijiti, akateleza, akaanguka. Nilimnyanyua kwa kidole, akashika, akaanguka tena. Nilikaa na kidole nimekiinua hadi mkono ukafa ganzi ili apate pa kuning'inia. Mbawa zilikauka vilevile zilivyo. Buluu yote ipo mle ndani ya mikunjo, unaiona ukimgeuza.

Nimempa maji ya sukari kwenye pamba. Alifungua ulimi wake mwembamba, akanywa. Nikampa tena.

Jumapili, 18 Mei

Mvua: hakuna. Msimu umekwisha, naona.

Amekufa kabla ya mchana. Moto sijawasha tangu jana.

Jioni simu ililia. Ni yeye. Nyuma yake kulikuwa na kelele za duka, mtu anaulizia dawa ya kikohozi ya mtoto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wametoka?"

Ulimi ulikuwa tayari. Niliuona unavyojipanga. Wametoka, dume na jike, wanacheza juu ya mlimau, fanya haraka. Angefunga mfuko leo. Kesho kwa gari la kwanza ningemwona pale kituoni na mwavuli wake. Na tukishafika hapa ningetafuta la kusema. Sijawahi kukosa la kusema. Mtu wa kikohozi alikuwa anangoja na yeye alikuwa anangoja, na mimi nilikuwa na sentensi moja tu ya kumrudisha nyumbani.

"Alitoka mmoja," nikasema. "Jike. Mbawa hazikunyooka. Amekufa leo. Wengine waliharibika kwenye mti."

Nikasikia droo inafunguliwa na kufungwa.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Sawa, mjomba." Alivuta pumzi. "Asante kwa kuniambia." Akamwambia mtu wa dawa, vijiko viwili, asubuhi na jioni. Kisha akarudi kwangu, sauti imekuwa ya mbali zaidi, au ni simu. "Umekula?"

Nikamwambia nimekula.